Beseni la Ndosho na Mwendo wa Nyota

Ukurasa ambao Josias Kasereka alijifunzia kwamba ulimwengu unapanuka ulikuwa na damu ya mpishi kwenye pembe.

Ilikuwa mwaka 1996, vita ilipoingia Goma. Josias alikuwa na miaka ishirini na minne, mtoto wa wakulima wa Butembo aliyeteremka kusini kujifunza kuchonga chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili ambao mji mzima hubebea makaa na viazi. Miaka miwili kabla ya hapo wakimbizi walikuwa wamevuka mpaka kwa mamia ya maelfu, na kipindupindu kikawaangusha barabarani kama nguo zilizotupwa. Chukudu ya Josias ilibeba maiti, saba kwa safari moja, zikiwa zimefungwa kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu za magari ili zisiteleze. Basi askari walipomaliza kupora nyumba ya mapadri, na mtu akahitajika wa kumwondoa mpishi aliyelala uani bila uso, aliyeitwa ni yeye.

Shuka zote zilikuwa zimeibiwa. Kilichobaki uani ni majarida ya Kifaransa ya padri, yametupwa kwa sababu hayaliwi wala hayavaliwi. Josias alimfunika mpishi kwa majarida. Moja lilimbakia mkononi, limefunguka kwenye picha ya nyota nyingi, na juu ya picha kulikuwa na swali: hamsini au mia? Alilikunja, akaliweka ndani ya shati, akasukuma chukudu.

Alilisoma mwezi mzima kwa msaada wa kamusi ya shule. Lilisema kwamba makundi makubwa ya nyota yanaachana, na kwamba kundi lililo mbali zaidi linakwenda kasi zaidi. Likasema pia kwamba wataalamu wa kasi hiyo wamegawanyika kambi mbili. Wa kwanza wanasema kwa kila umbali fulani, mkubwa hata mwanga huchukua miaka zaidi ya milioni tatu kuuvuka, kasi inaongezeka kilomita hamsini kwa sekunde. Wa pili wanasema mia. Walikuwa wamegombana miaka ishirini, kwa barua, kwenye mikutano, wengine bila kusalimiana.

“Nilifikiri watu wenye kusoma sana banakubalianaka,” aliniambia. “Kumbe nao iko na vita. Lakini mu ile vita hakuna mutu alikufa. Nikaipenda.”

Nilimkuta Ndosho, mtaa wa magharibi mwa Goma, kwenye karakana yake ya mabati pembeni ya barabara ya kwenda mji mdogo wa Sake. Nimepita miji mingi ambayo watu wake wanajua kutofautisha mabomu kwa sikio, na karibu kila mmoja una mtu wa aina hii, anayeyahesabu ili asiwe mtu wa kuyangoja tu. Lakini sijakutana na mwingine aliyeyahesabu kwa njia yake.

Kwanza alinionyesha mpira. Ni ukanda wa tyubu, ule ule wa kufungia mizigo, wenye mafundo matano yaliyoachana shibiri moja moja. Aliuma ncha moja kwa meno, kwa sababu mkono wake wa kushoto unaishia kwenye kiwiko, akavuta nyingine kwa mkono wa kulia. Fundo la kwanza likasogea kidole kimoja. La pili, vidole viwili. La nne, vinne. Kisha akaniambia nishike fundo la katikati na nivute mwenyewe: mafundo ya pande zote mbili yakanikimbia, la karibu polepole, la mbali haraka.

“Umeona? Kila fundo anafikiri ni yeye alikimbiwa. Hakuna katikati. Ni kama sisi. Uliza mutu wa Masisi, uliza wa Rutshuru: kila mmoja atakuambia vita ilianzia kwake.”

Jarida alilihifadhi kwa miaka yote. Mwaka 2002 mlima ulipopasuka na lava kufunika katikati ya mji, alikimbia na tezo la kuchongea, mke na jarida. Vita iliporudi mwaka 2012 alikimbia tena, na binti wa miaka kumi aliyeshikwa mkono na mama yake, na jarida. Baadaye simu zilimletea habari mpya: ule ugomvi wa hamsini na mia ulikuwa umekwisha, umezaliwa mwingine. Wanaopima kwa mwanga wa kale kabisa, uliobaki tangu ulimwengu ungali mchanga, wanapata sitini na saba. Wanaopima kwa nyota za karibu, wakipanda hatua kwa hatua hadi za mbali, wanapata sabini na tatu. Kila kambi imesahihisha vipimo vyake hadi kuchoka, na nambari hazikutani.

Kuna hadithi moja ya zamani katika sayansi hiyo aliyoipenda kuliko zote, na aliwasimulia wateja wakati wanangoja gurudumu. Kipimo cha kwanza kabisa kilitoa ulimwengu mdogo kwa umri kuliko mawe ya dunia, jambo ambalo haliwezekani. Miaka ikapita ndipo wakagundua mojawapo ya makosa: nyota walizozitumia kama taa za kupimia umbali hazikuwa za aina moja, zilikuwa za aina mbili zinazofanana. “Balihesabu makabila mawili kama moja,” alisema Josias, na wateja wa Ndosho wakacheka, kwa kuwa huku kosa kama hilo hakuna mtu anayeamini kwamba linaweza kutokea.

Kisha ikaja Januari ambayo bunduki zilianza kuteremka tena kutoka upande wa Sake.

Jumamosi, siku ya kwanza ambayo mabomu yalisikika Ndosho mchana kutwa, Fabiola, yule binti, alikuwa na miaka ishirini na miwili na alikuwa kwenye kituo kidogo cha afya umbali wa nyumba thelathini kutoka karakana. Alikuwa amepasuliwa asubuhi hiyo ili mtoto atoke. Mtoto, wa kike, alikuwa mzima. Fabiola alikuwa amepoteza damu nyingi, na Viateur, muuguzi mkuu wa kituo, alisema jambo moja waziwazi: asiinuliwe kitandani kabla ya siku tisa kwisha, yaani Jumatatu ya wiki ya pili. Akirushwarushwa njiani, mshono utaachia, na damu ya kumwongezea haipo tena.

Kwa upande mwingine, kituo kilikuwa cha mbao na mabati, kandokando ya barabara ambayo jeshi lolote linaloingia Goma kutoka magharibi lazima lipite. Henriette, mke wa Josias, alikuwa na rafiki katika mtaa wa Himbi, mjane mmoja aitwaye Waridi, mfanyabiashara wa vitenge, mwenye nyumba ya mawe karibu na ziwa yenye kuta nene kama za ngome. Kumpeleka Fabiola huko ni kumtikisa kilomita kadhaa juu ya lava. Kumwacha ni kumlaza mbele ya bunduki. Yote yalitegemea swali moja: vita itafika Ndosho lini?

Josias aliweka beseni la maji sakafuni.

Sakafu ya karakana yake ni lava tupu ya 2002, jiwe moja hadi chini. Bomu likilipuka mbali, mtikisiko hupita ndani ya jiwe haraka sana na maji ya beseni hutetemeka kwanza. Mshindo hupita hewani, polepole zaidi, kilomita moja kwa sekunde tatu. Unaangalia maji, unaanza kuhesabu, unasikia mshindo, unagawa kwa tatu. Jumamosi alipata sekunde sitini: kilomita ishirini. Jumapili hamsini na nne. Jumatatu arobaini na nane. Jumanne arobaini na mbili. Vita ilikuwa inakuja kilomita mbili kwa siku, na zilibaki kilomita kumi na nne. Siku saba. Fabiola angeinuka kitandani akiwa na siku moja ya kubakiza.

“Papa Josias,” alimtania Mahamudi, dereva wa lori aliyekuwa amekuja kufunga mizigo yake, “uliza beseni kama bibi yangu wa Kindu, ule alinikimbia, atanirudilia.”

“Beseni inapima kitu chenye kuja. Bibi yako iko naenda.”

“Basi pima haraka, kabla hajapita Kisangani!”

Henriette hakucheka. Yeye alikuwa na kipimo chake. Kila asubuhi alisimama kwenye barabara na maji ya kunywa, akiwapa waliokuwa wakikimbia, na kila aliyekunywa alimuuliza maswali matatu: ulilala wapi, ulimwacha nani nyuma yako, na yule wa nyuma atafika lini. Jumapili walikuja watu wa milimani juu ya Sake. Jumatatu watu wa Sake yenyewe. Jumanne alikunywa mama mmoja aitwaye Nyirakamana, mwenye godoro kichwani na nguo iliyoganda damu isiyo yake, na huyo alikuwa ametoka karibu.

“Ulimwacha nani nyuma?” Henriette alimuuliza.

“Bwana yangu.”

“Atafika lini?”

“Huyo hatafika, mama. Bomu ilimukuta kwenye mulango. Mimi nilikuwa nje naanika.” Akarudisha kikombe. “Kuna watu wanafunga mizigo kambini Mugunga. Bale bote batakuwa hapa kesho.”

Henriette alirudi karakanani na siku ambayo yeye aliona vita itafika: Jumamosi. Josias alikuwa na yake: Jumanne inayofuata. Waligombana mbele ya beseni.

“Weye uko nasikiliza maji kuliko watu.”

“Maji haina woga, Mama Fabiola. Mutu mwenye kukimbia anaongezaka maneno.”

“Nyirakamana aliongeza bwana wake?”

“Sisemi vile. Nasema kipimo ya watu inatetemeka. Yangu iko mustari, angalia. Sitini, hamsini na nne, arobaini na nane, arobaini na mbili. Unajua ni ngumu namna gani kupata mustari kama hii?”

“Mabomu naye amesoma hii kitabu yako? Anajua atembee mu mustari?”

Josias alikwenda kituoni mwenyewe kumpelekea Viateur hesabu yake. Viateur alikuwa na wagonjwa kumi na mmoja, wanne wao wakiwa na risasi mwilini. Gari la kuwapeleka mjini lilikuwa limeahidiwa Alhamisi asubuhi, mara moja tu, akilikataa, halingerudi. Wawili kati ya wale wanne wangefia njiani. Viateur alijua Josias hakuwa mganga wala askari. Lakini katika Ndosho ya wiki ile kila mtu alikuwa anapiga kelele, na huyu alikuwa na daftari.

“Muzee, una hakika?” Viateur aliuliza.

Katika jarida, na katika kila habari aliyoisoma baadaye, hakuna nambari ya kasi ya ulimwengu iliyoandikwa peke yake. Kila moja hufuatwa na ile alama ya kujumlisha iliyokalia alama ya kutoa, na nambari ndogo nyuma yake: kiasi ambacho huenda tumekosea. Josias aliijua alama hiyo. Lakini alimtazama binti yake kitandani, mtoto kifuani, midomo myeupe, na alitaka sana iwe Jumanne.

“Nina hakika,” alisema.

Alhamisi asubuhi gari lilikuja, likaondoka tupu.

Siku hiyo hiyo, yapata saa tano, Josias alikuwa amechuchumaa juu ya beseni. Maji yakatetemeka. Akaanza kuhesabu. Kumi. Ishirini. Thelathini, ambapo mshindo ulipaswa kuja. Arobaini. Sitini. Mia. Hakuna kilicholia. Kwa dakika moja na nusu barabara ilikuwa kimya kabisa, na maji yalikuwa yametetemeka.

Mtu wa mji mwingine angelifahamu jambo hilo siku ya kwanza. Lakini mtu wa Goma hausikii mlima. Unatikisa vitanda, unatikisa sahani, unatikisa maji ya beseni mara kumi, mara ishirini kwa siku, na watu hawainui vichwa. Mwaka mzima hakuna anayeutaja. Josias alikuwa amesahau kwamba chini ya jiwe alilolisikiliza kuna moto ulio na mtikisiko wake, usiohusiana na vita ya mtu yeyote.

Alifungua daftari. Nambari kubwa zilikuwa mle, katika mstari wake mzuri. Lakini pembeni, zikiwa zimekatwa kwa kalamu, kulikuwa na nyingine: thelathini na tatu, ishirini na saba, ishirini na moja, kumi na nane. Alizikata kila siku kama makosa ya kuhesabu kwa sababu hazikufanana na ya jana. Nambari ya jana ndiyo iliyokuwa inamchagulia nambari ya leo. Kwa zile kubwa, mtikisiko wa mlima ulikuja kwanza, yeye akaanza kuhesabu, na mshindo wa bomu lisilohusika ukamkuta njiani. Aina mbili, akazihesabu kama moja. Nambari za kweli ni zile alizozikata. Jana bunduki zilikuwa kilomita sita.

Beseni likatetemeka tena. Akahesabu tisa.

Alikimbia. Aliichukua chukudu kubwa kuliko zote, ndefu kama kitanda, akatupia godoro juu na mipira shingoni. Barabarani watu walikuwa wameanza kutiririka kutoka magharibi, mbuzi, masufuria, mzee amebebwa kwenye kiti, na yeye peke yake alikuwa anakwenda kinyume. Bomu moja likaanguka nyuma ya soko dogo. Aliona bati likiruka, jepesi kama karatasi, likageuka hewani na kumkata mtu aliyekuwa anakimbia mbele yake. Yule mtu alipiga hatua mbili zaidi. Josias aliisukuma chukudu ikampita.

Aliingia kituoni akiita jina la binti yake. Viateur alikuwa amepiga magoti sakafuni, anamfunga mgonjwa paja.

Kitanda cha Fabiola kilikuwa kitupu.

“Iko wapi?” Josias akapiga kelele. “Mutoto yangu iko wapi?”

“Mama alikuja kumutwaa saa mbili,” alisema Viateur bila kuinua kichwa. “Alileta wanaume wane na kitanda. Nilimukataza. Nilimwambia bwana wako amepima, iko na siku tano. Akaniambia: nazo hizo tano, weye bakia nazo.” Akakaza bandeji. “Muzee, hii ya sasa ilikuwa karibu. Beseni yako inasema nini?”

Josias alifungua kinywa. Swali hilo ndilo jambo la mwisho analolikumbuka likiwa na sauti.

Alipoamka, paa halikuwepo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala kando yake katika namna ambayo mkono haulali. Kwenye sakafu, kati ya vitanda vilivyokunjamana, alimwona Viateur amekaa, mgongo ukutani, bandeji bado mkononi, macho wazi, na kutoka kifuani kwenda chini hakukuwa na Viateur. Wengine hakuwatazama. Alichukua mpira mmoja shingoni, akauma ncha moja kwa meno, akajifunga mwenyewe juu ya kiwiko kama anavyofunga gunia la makaa. Kati ya watu kumi na wawili waliokuwa kituoni, walitoka wawili.

Fabiola alifika Himbi kwa mabega ya watu, akitokwa damu. Mshono uliachia mahali pawili, kama alivyosema Viateur. Waridi alizichana doti tatu za vitenge vyake vya dukani, akamfunga tumbo, akamlalia kwa uzito wa mwili wake wote hadi damu ikakata. Siku tatu risasi zilipiga kuta za mawe zile kama mvua ya mawe. Siku ya nne mji ulikuwa na wakubwa wengine na mitaa ilijaa maiti, na chukudu zilikuwa na kazi ile ile ya miaka ya ujana wa Josias. Fabiola aliishi. Mtoto aliishi.

Nilimuuliza Henriette kwa nini alimchukua Alhamisi ilhali kipimo chake mwenyewe kilisema Jumamosi. Alikuwa anachambua maharage, akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini mvua inalowesha.

“Kwani nilijua? Nilisema Jumamosi, nikatoa siku mbili za kukosea.”

“Kwa nini mbili?”

“Moja ya woga yangu, moja ya uongo ya watu.”

Josias alikuwa amekaa karibu, akinoa tezo kwa mkono mmoja, jiwe likiwa limebanwa kati ya magoti. Sasa huchonga magurudumu tu. Mwili wa chukudu unahitaji mikono miwili. Beseni lipo, wanamwogeshea mtoto.

Mchana mmoja nikiwa pale, alikuja mwanamke aliyevaa kitambaa cheusi. Alikuwa Mukamugema, mjane wa Viateur. Henriette alisimama kumpa kiti, lakini mgeni hakukaa.

“Papa Josias, sikuja kwa makelele,” alisema. “Naomba kujua kitu kimoja tu. Ile siku gari haikuwa imekuja bado, bwana yangu alikuuliza?”

“Aliniuliza.”

“Alikuuliza namna gani?”

“Aliniuliza kama nina hakika.”

“Na weye?”

Pale Josias angeweza kumweleza mlima. Angeweza kumweleza zile nyota za aina mbili, na wataalamu wakubwa waliokosea miaka mingi wakiwa na vyombo vinavyojaza nyumba. Nilimwona akiitafuta njia hiyo, kisha akaiacha.

“Nilimwambia nina hakika,” alisema. “Sikukuwa nayo.”

Mukamugema alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa, kama mtu anayepokea mzigo na kuupima kabla ya kuutia kichwani. Kutoka ndani Fabiola aliita kwamba uji umeiva. Mjane aliutazama mlango ilikotoka sauti hiyo, akautazama kwa muda mrefu. Kisha akageuka, akashika barabara ya Sake kwa miguu, na Josias akabaki amesimama mlangoni akimwangalia akienda, hadi alipokuwa mdogo kabisa, hadi asipoweza tena kusema kwa hakika kama bado anamwona.